*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: SHERIA YA KAUSHA DAMU IPO, TUIDAI*



Kwenye vikao vyetu bado wapo wanaosema Benki Kuu ni kazi ya wachumi, na kwamba kumpeleka mwalimu wa sheria pale kulikuwa kosa. Tawi linaikataa hoja hiyo.

Prof. Florens Luoga alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapanda hadi Naibu Makamu Mkuu wa Chuo upande wa taaluma. Mwaka 2017 alikuwa kwenye timu ya serikali iliyojadiliana na Barrick baada ya sakata la makinikia. Oktoba mwaka huohuo Rais Magufuli alimteua kuwa Gavana. Alishika ofisi Januari 2018, akimpokea mchumi Prof. Benno Ndulu, na akatoka Januari 2023.

Tumpime kwa mambo mawili.

*Kwanza, mikopo midogo.* Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, kanuni zikatoka 2019, na Benki Kuu ikabeba usimamizi. Kabla ya hapo mkopeshaji wa mtaani asiyepokea amana hakuwa na wa kumuuliza. Sasa anatakiwa awe na leseni. SACCOS na VICOBA navyo vimepewa madaraja yao. Mama ntilie aliyekopa laki mbili hafilisiwi na nadharia ya mfumuko wa bei. Anafilisiwa na karatasi aliyosainishwa bila kuielewa. Kuisimamia karatasi hiyo ni kazi ya sheria, na hapo mwanasheria alikuwa mahali pake.

*Pili, maduka ya kubadilisha fedha.* Arusha Novemba 2018, kisha Dar es Salaam mwanzoni mwa 2019, ukaguzi ulifanyika kwa askari, wanajeshi wakiwemo. Serikali ilisema inapambana na utakatishaji fedha. Utakatishaji ni uhalifu, hatuutetei. Lakini msimamizi ana leseni mkononi: akague, atoe notisi, asikilize, ndipo afute. Bunduki ya nini? Mwalimu wa sheria alipaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo, na hapo tunamlaumu waziwazi.

Ndugu zangu, Novemba 2024, chini ya Gavana mwingine, Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila kibali. Miaka sita baada ya sheria kupita! Hatuombi wanajeshi. Tunaomba leseni zikaguliwe mtaa kwa mtaa, na majina ya wavunja sheria yabandikwe ofisi za kata.

Na tusinyooshee wengine vidole tu. Humu ndani wapo wanachama, wengine viongozi, wanaokopesha bila leseni na kushikilia kadi za benki za wenzao. *Wajisajili au waachie nafasi zao.* Huwezi kupanda jukwaani kutetea wanyonge asubuhi, jioni ukabeba godoro la mjane.

*Kila mwanachama azingatie:*

1. Kabla ya kukopa, omba kuona leseni. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu.
2. Usisaini mkataba usioonyesha riba, tarehe na jumla ya kulipa. Baki na nakala yako.
3. Usimwachie mtu kadi ya benki na namba ya siri.
4. Kikundi chako cha VICOBA kisajiliwe halmashauri.
5. Uliyechukuliwa vyombo kwa mabavu, njoo ofisi ya tawi na karatasi zako. Tutaandika malalamiko kwa Benki Kuu, na nakala tutampa mbunge.

Sheria haitembei yenyewe kuja mlangoni kwako. Tuifuate.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi.*
_Msambazie mwanachama mwenzako._