Ngoma Tuliyoitazama Dirishani: Sanaa, Simu na Deni Letu Baada ya Kukaa Nyumbani

Jumanne ya Julai 14, 2020 familia ya Mungu nchini Kenya ilianza kurejea makanisani baada ya milango kufungwa tangu mwezi Machi. Masharti yalikuwa makali: waamini wasizidi 100 kwa ibada moja, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 au juu ya miaka 58 wabaki nyumbani. Kwetu sisi wa Tanga habari hii si ya mbali. Ukivuka Horohoro umefika Lungalunga, na nyumba nyingi za huku zina ndugu Kwale, Mombasa na Kilifi, ambako kuanzia Aprili 8 serikali ilizuia watu kuingia na kutoka. Mombasa ilisubiri hadi Julai 7 ndipo kizuizi kikaondolewa.

Hapa Tanzania nyumba za ibada hazikufungwa. Hata hivyo, tangu Machi 17 shule zilifungwa na mikusanyiko ya burudani na michezo ikasimamishwa. Wanafunzi wote walirejea darasani Juni 29 tu. Katika miezi hiyo, pande zote mbili za mpaka, watu walijifunza kutazama katika kioo cha simu mambo ambayo zamani waliyaendea kwa miguu: Misa Takatifu, harusi, taarabu, ngoma na maigizo. Baada ya maisha kurejea, inatupasa tujiulize: je, tulichokitazama nyumbani ndicho kile kile? Na je, tunadaiwa nini na wale waliotuburudisha?

Tuanze kwa kushukuru, maana shukrani ni haki. Aprili 2 Jumba la Taifa la Maigizo la London lilianza kurusha tamthilia moja kila Alhamisi, bila malipo, na kuiacha mtandaoni kwa wiki nzima. Aprili 23 ilikuwa zamu ya Shakespeare. Jina hilo si geni kwetu, kwa kuwa Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere alitutafsiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Vijana kadhaa wa parokia yetu walikaa wanne kuizunguka simu moja wakitazama. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kununua tiketi ya jumba lile, achilia mbali nauli ya ndege. Mlango ambao fedha ilikuwa imeufunga, ugonjwa uliufungua. Hata hivyo, kifurushi chao cha intaneti kiliisha kabla mchezo haujafika mwisho, na huko Handeni na milimani Lushoto wako wenzao ambao mtandao wenyewe huwafikia kwa shida. Neno "bure" lina gharama yake kwa maskini.

Wako wanaosema kwamba teknolojia imekuja kuua sanaa yetu. Historia ya pwani hii haikubaliani nao moja kwa moja. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na kwa njia ya santuri sauti yake ikaingia katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kumwona. Mwana wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliyaandika maisha ya bibi huyo. Santuri haikuizima taarabu. Miaka mingi baadaye mji wetu ulitoa vikundi kama Black Star na Lucky Star, vilivyojulikana mwambao mzima. Watu walisikiliza santuri na redio nyumbani, kisha usiku wa harusi wakavaa, wakatoka, wakaenda. Chombo kilikuwa mlango wa kuendea kwenye shughuli yenyewe. Hatari ya leo ni kwamba mlango umegeuka kuwa makazi.

Aliyewahi kuhudhuria taarabu anajua kutunza ni nini. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti unaomgusa mtu, mtu huyo huinuka, husogea mbele kwa mwendo wa kucheza, na kumkabidhi noti mkononi mbele ya watu wote. Kwa tendo hilo amesema mambo matatu: nimekusikia, neno lako limenihusu, na kazi yako inastahili ujira. Vivyo hivyo katika mdumange ya Wasambaa na selo ya Wazigua. Wapo wanaopiga, wapo wanaoitikia, wapo wanaopiga makofi, na hata mtoto aliye pembeni miguu yake haitulii. Ngoma hizi hazikutungwa kwa ajili ya mtazamaji aliyekaa kimya. Kioo cha simu hutuonyesha mchezaji, lakini mkono wetu haufiki alipo, wala yeye hajui kama tumeitikia.

Maandiko Matakatifu yanalo tukio linalotusaidia hapa. Katika Kitabu cha Pili cha Samueli, sura ya 6, Daudi anacheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Bwana, na watu wote wamo katika shangwe. Mikali, binti Sauli, anaiona ngoma hiyo hiyo, lakini anaiona kutoka dirishani. Hakukosa kuona, alikosa kuwamo. Na kwa sababu hakuwamo, kilichokuwa ibada kwa wengine kikawa aibu machoni pake, akamdharau mumewe moyoni. Dirisha halina dhambi. Lakini anayekaa dirishani muda mrefu huanza kuhukumu, kwa kuwa haombwi kuitikia wala kutoa chochote.

Kuna suala la haki pia. Mwanzoni mwa Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shilingi milioni 100 za Kenya zitolewe kutoka mfuko wa michezo kwa ajili ya wasanii, ili waendelee kuwaburudisha wananchi kwa redio, runinga na mtandao. Agizo hilo lilikiri jambo ambalo sisi watazamaji hulisahau: msanii anayetufurahisha bila malipo naye ana watoto wanaosubiri ugali. Mpiga matarumbeta wa Ngamiani, mpiga ngoma wa harusi wa Muheza, kijana anayefundisha kwaya na kupata chochote kidogo, hawa wote waliishi kwa mikusanyiko. Ilipositishwa, hawakuwa na mshahara wa mwezi. Kipande cha video kinachosambazwa kutoka simu hadi simu humpa jina, lakini jina haliingii chunguni. Mafundisho jamii ya Kanisa yako wazi kwamba mfanyakazi anastahili ujira wake, na kucheza ngoma ni kazi.

Kanisa lenyewe limepita njia hiyo hiyo. Kuanzia Machi 9 hadi Mei 17 Misa ya asubuhi ya Baba Mtakatifu Francisko katika Kikanisa cha Mtakatifu Martha ilirushwa mubashara kila siku, na wengi waliimarishwa nayo. Lakini ni Baba Mtakatifu huyo huyo ambaye, katika mahubiri yake ya Aprili 17, alionya kwamba hali ile ni ya Kanisa lililo katika shida. Ukaribu na Kristo usio na jumuiya, usio na mkate, usio na watu, una hatari yake. Mapema mwaka ule tulimpelekea Komunyo Takatifu bibi mmoja asiyeweza tena kutembea. Mjukuu wake alikuwa amemwekea Misa ya Roma kwenye simu. Tukamuuliza, "Bibi, umesali vizuri?" Akajibu, "Nimesali, Baba. Papa namwona vizuri kabisa. Ila yeye hanioni." Kisha akaomba tusiondoke upesi. Tulikaa.

Jibu la bibi yule linatupa kipimo. Kwa mgonjwa, kioo ni neema. Mwaka 1958 Papa Pius XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa kuwa usiku mmoja wa Noeli, akiwa mgonjwa kitandani, alijaliwa kuona na kusikia ibada ambayo hakuweza kuiendea. Tukumbuke lakini kwamba masista wake walikwenda, na waliporudi aliwasimulia aliyoyaona. Klara alibaki kitandani kwa sababu ya maradhi. Mwenye afya anayebaki kitandani kwa sababu kioo kinatosha, huyo asimtaje Klara.

Yako mambo ambayo ni afadhali kuyasubiri kuliko kuyapunguza. Kijiji cha Oberammergau, huko Bavaria nchini Ujerumani, kiliweka nadhiri mwaka 1633 wakati wa tauni: Mungu akikiokoa, wanakijiji wataigiza Mateso ya Bwana kila baada ya miaka kumi. Waliigiza mara ya kwanza mwaka 1634. Zamu ya mwaka 2020 ilipokutana na janga jipya, waliiahirisha hadi mwaka 2022, kama walivyowahi kuisogeza ya mwaka 1920 hadi 1922 baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Huu ni mchezo wa wanakijiji wenyewe kwa pamoja, na nadhiri ni ya miili yao.

Nasi Ijumaa Kuu ya mwaka 2020, Aprili 10, hatukuona vijana wetu wakiigiza Njia ya Msalaba kuzunguka mtaa. Aliyepangwa kuubeba msalaba alitutumia video za maigizo ya nchi nyingine. Tulizitazama, tukaguswa. Lakini hakuna jirani yetu Mwislamu aliyesimama mlangoni kwake kuheshimu msafara ukipita, kama ilivyo desturi ya mitaa yetu.

Kwa hiyo, wapendwa, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tuendelee kuwarushia wagonjwa na wazee Misa na maigizo yetu, lakini kila anayetazama kwa sababu ya udhaifu awe na mtu wa Jumuiya Ndogo Ndogo anayemtembelea. Pili, tujifunze kutunza hata kwa mbali: simu iliyotuletea wimbo inaweza pia kutuma shilingi elfu mbili kwa aliyeuimba. Tatu, vijana waanze sasa, kwa tahadhari zote za afya, maandalizi ya Njia ya Msalaba ya mwaka ujao, na wazazi wasiwazuie kwa kusema kwamba zipo video za kutosha.

Agosti 11 tutamkumbuka Mtakatifu Klara. Atuombee wote tunaotazama, na awaombee zaidi wale wanaocheza wakiwa hawamwoni anayewatazama. Mungu awabariki.