Kuiga si kosa, kosa ni kuiga kofia

Katika fasihi ya dunia ni wahusika wachache mno waliopata kuigwa na kufanyiwa dhihaka kama Sherlock Holmes. Mpelelezi huyo wa London, aliyebuniwa na daktari Arthur Conan Doyle, alijitokeza kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Hadithi fupi zake zilianza kutoka katika jarida la Strand mwaka 1891, na kabla ya mwaka huo kwisha mwandishi J. M. Barrie alikwisha kuandika kichekesho cha kumkejeli. Mwaka uliofuata Robert Barr alimtoa mpelelezi wake aitwaye Sherlaw Kombs. Tangu siku hizo mkururo haujakatika.

Wapo wanaoona kwamba mambo haya ni upuuzi, na kwamba mwigaji wa kazi ya mwenziwe hana tofauti na mwizi wa shambani anayevuna asipolima. Wapo pia, hasa katika nchi zilizopata kutawaliwa, wanaosema kuwa mwandishi wa Kiafrika anayemwiga mpelelezi wa Kiingereza anaendeleza kasumba. Hoja hizi zina uzito wake, wala si haki kuzitupa. Lakini kabla ya kutoa hukumu hapana budi kuuliza: kinachoigwa ni kitu gani?

Watu wengi wakitakiwa kumweleza Holmes watataja kofia yenye masikio, kiko kilichopinda na yale maneno ya kumwambia rafikiye Watson kuwa jambo lenyewe ni jepesi. Ajabu ni kwamba kofia ile, kwa sura inayojulikana leo, ilitoka katika kalamu ya mchoraji Sidney Paget. Kiko kilichopinda kinahusishwa zaidi na William Gillette, mwigizaji wa Kimarekani aliyempandisha Holmes jukwaani mwaka 1899. Na ule usemi maarufu, kama watu wanavyoutamka, haumo katika hadithi hata moja kati ya zile 60 za Conan Doyle. Hivyo mwigaji anayeanza na kofia na kiko hamwigi Holmes. Anawaiga waigaji waliomtangulia.

Waliomkejeli Holmes kwa akili walilitambua jambo hili mapema. Mmarekani Bret Harte, katika kichekesho chake cha mwaka 1900, alimchora mpelelezi Hemlock Jones aliyepotelewa na kasha la sigara. Kwa mlolongo mrefu wa hoja za kujigamba, Jones anamthibitishia rafikiye wa chanda na pete kuwa ndiye mwizi. Kasha linaonekana ndani ya mtoto wa meza ya mpelelezi mwenyewe, na hata hapo hataki kukiri kosa. Mzaha huo ni onyo, kwa kuwa hoja inaweza kupangwa vizuri, ikasemwa kwa fahari, na bado ikamtia hatiani asiye na kosa.

Conan Doyle mwenyewe aliandika kichekesho cha namna hiyo, kilichochapishwa mwaka 1924. Humo Watson anajaribu kumsoma Holmes asubuhi wakati wa kifungua kinywa, kama Holmes anavyowasoma wengine. Anaona kwamba Holmes hakunyoa ndevu, basi anakata shauri kuwa ana mashaka makubwa moyoni. Kumbe wembe umepelekwa kunolewa. Mambo mengine yote anayoyakisia yanakwenda upogo vivyo hivyo. Watson ameuiga mwendo wa bwana wake hatua kwa hatua, ila ameacha jambo moja lililo kubwa kupita yote, yaani kujiuliza kama alama aliyoiona haina sababu nyingine.

Si kila mtu alizipokea dhihaka hizi kwa moyo mkunjufu. Mfaransa Maurice Leblanc alipomwingiza Holmes katika hadithi za mwizi wake Arsène Lupin mwaka 1906, alilalamikiwa, naye akageuza jina likawa Herlock Sholmès. Mwaka 1944 Ellery Queen alikusanya dhihaka na miigo 33 katika kitabu kimoja, lakini warithi wa Conan Doyle walipinga na kitabu kikaondolewa sokoni. Hata hivyo, Holmes hakupungukiwa na kitu kwa kuchekwa. August Derleth alimbuni Solar Pons kwa mfano wa Holmes, akamwandikia hadithi nyingi kuzidi zile za Conan Doyle, na wasomaji walioanza na mwigo huo walirudi kuutafuta mwanzo wake. Wala Conan Doyle hakuanza patupu. Edgar Allan Poe alikwisha kumtoa mpelelezi Dupin mwaka 1841, na Conan Doyle hakuificha asili hiyo.

Ushahidi ulio karibu zaidi uko Unguja. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko kama Holmes, na ana mwenziwe Najum kama Holmes alivyo na Watson. Mtu wa haraka angesema kuwa huu ni mwigo mtupu. La hasha! Maiti inaonekana mahali pa mzimu, penye tambiko na hofu ya vizazi, na Bwana Msa anakataa kuiachia hofu itoe jibu. Anaangalia, anauliza, anapima, na nyuma ya mzimu anamkuta mwanadamu. Kiko kilitoka ng'ambo, lakini mtaa, lugha, utani na vitendawili ni vya Waswahili wenyewe. Abdulla aliichukua njia ya kufikiri, akaipandikiza katika udongo wake, ikazaa.

Jambo hili si la kuburudisha wasomaji tu. Kwa miaka mingi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wa Tanzania wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Mwuaji naye ameona alama, na kwa alama hiyo amekata shauri kuwa mama yule ni mchawi. Ni kosa lile lile la Watson na wembe, ila hapa malipo yake ni roho ya mtu. Laiti angalijiuliza sababu nyingine, angaliuona moshi wa jikoni ambao mama yule ameuvumilia maisha yake yote akiwapikia watoto na wajukuu. Vivyo hivyo kwa wale wanaopigwa na umati barabarani kwa kelele moja tu ya mwizi. Jamii inayosoma hadithi ambamo mshukiwa wa kwanza mara nyingi siye mkosaji, na ambamo neno la kishindo si ushahidi, inajifunza subira ambayo hotuba nyingi hazijaweza kuifundisha.

Tangu mwaka 2023, hakimiliki ya hadithi za mwisho za Holmes ilipokwisha Marekani, mlango uko wazi kwa kila mwenye kalamu. Bila shaka nakala zitafurika, nyingi zikiwa na kofia, kiko na ukungu wa London. Waandishi vijana wa Kiswahili na wachapaji wao wasikimbilie ukungu huo. Vumbi la mnadani lina mafumbo yake, na kadhalika bandari, ghala la ushirika na baraza la kijiji. Anayetaka kumcheka Holmes na amcheke, kwani dhihaka nzuri humsahihisha mkubwa. Anayetaka kumwiga na amwige, lakini aanzie pale Watson aliposhindwa.

Mwiga tembo hupasuka msamba, walisema wahenga. Hawakumkataza mtu kujifunza kwa tembo njia ya kwenda kwenye maji.