Wacha kuvuta ncha ya filamu, manze!

Wasee, leo nina hasira. Nimeona tena video ya mtu amepata rili ya zamani ya milimita 16, anairudisha nyuma mbio kama feni. Filamu ikilegea, anashika ncha anaivuta ikaze. Huko chini mmejaza emoji za moto. Moto wa nini? Ameharibu kitu hakirudi!

Sikia. Filamu ikiviringwa ikiwa legevu, halafu uvute ncha, tabaka zinateleza moja juu ya nyingine. Vumbi likiwa katikati, na halikosi, linageuka msasa. Unapata mikwaruzo juu ya sura za watu, na hiyo hufuti na kitambaa. Imelegea? Izungushe upya, polepole. Basi.

Kuna mjanja atasema, "Sawa, nitaikaza sana." Pia hapana. Filamu ya asetati ikizeeka inasinyaa na kukauka. Ukiivuta kwa nguvu inakatika, ama matundu ya pembeni yanapasuka. Matundu yakiisha, projekta itashika nini?

Kazi iko kwa mikono miwili. Mmoja unazungusha rili inayopokea, mwendo ule ule. Mwingine unagusa ukingo wa rili inayotoa, kidogo tu, kama breki. Na hapa ndipo wengi huanguka: filamu ikipungua kwa rili inayotoa, mguso ule ule unaivuta kwa nguvu zaidi. So ukikaribia mwisho, legeza mkono. Na usisimame ghafla. Rili inayotoa itaendelea kuzunguka, filamu imwagike sakafuni, halafu ukianza tena, pa! Imekatika.

"Lakini hiyo itachukua time." Buda, rili ya futi 400 ni dakika 11 hivi za picha. Jana usiku ulimaliza masaa mangapi kwa simu?

"Si tutaiskani tu?" Skana inasoma kilichobaki. Ukiipa mikwaruzo, itakupea mikwaruzo, safi kabisa.

Hiyo rili inaweza kuwa na mtaa wenu kabla ya maghorofa, ama mechi ambayo guka wako bado anasimulia. Na huenda ndiyo nakala pekee. Kama huna subira ya kuizungusha polepole, iache kwa mkebe. Views utapata kwingine.