Rafu ya Vitabu: Kamba aliyoishika shangazi



Mwezi huu rafu yetu imebeba hadithi za watoto, na sioni haya kusema hivyo. Kuna aina ya riwaya ambayo wadogo zetu hapa Forest wanaimaliza kwa siku mbili. Watoto kadhaa, kila mmoja na kipaji chake, wanapewa kazi iliyowashinda watu wazima. Mmoja anakumbuka kila anachosoma, mwingine anapanda kuta, mwingine anafumbua mafumbo, na kufikia ukurasa wa mwisho hatari imeepukwa. Tunazipenda hadithi hizi kwa sababu ya vipaji. Mimi nataka tuangalie watu waliosimama kando ya vipaji hivyo.

Tuanze na mfano unaojulikana. Riwaya ya Mmarekani Trenton Lee Stewart, The Mysterious Benedict Society, ilitoka mwaka 2007. Tangazo la gazetini linawaita watoto wenye vipaji waje kufanya mitihani. Wanaobaki ni wanne. Reynie ni hodari wa mafumbo. Sticky hasahau alichokisoma. Kate hutembea na ndoo yenye vifaa vyake. Constance, mdogo kuliko wote, ni mkaidi na hupenda kutunga mashairi ya kuwaudhi wenzake. Katika mtihani mmoja wanaambiwa wavuke chumba bila kutia mguu kwenye miraba ya rangi fulani. Sticky anavuka kwa mikono na magoti, kwa kuwa sharti limetaja mguu. Reynie anaitazama sakafu vizuri, anagundua kwamba maumbo yale si miraba bali mistatili, basi anajitembelea zake. Wote wawili wamefaulu, na wote wawili walichofanya ni kuisoma sentensi moja kwa makini. Walimu wetu wa sarufi wangewapa alama zote.

Hapa Brussels nako tunaye mtoto wa namna hiyo. Peyo, mchoraji aliyezaliwa Schaerbeek mwaka 1928, anajulikana zaidi kwa vijitu vyake vya buluu, lakini mwaka 1960 alimleta pia Benoît Brisefer kwenye jarida la Spirou. Ni mvulana mwenye adabu, amevaa bereti na skafu, na ana nguvu za kuinua gari. Tatizo lake ni moja: akipata mafua, nguvu zote zinakwisha. Akiwaambia watu wazima anachoweza kufanya, hawamwamini. Kwa sisi tunaojua majira ya baridi ya nchi hii, mafua kama adui wa shujaa ni jambo la kueleweka kabisa.

Lakini mtoto ninayetaka kumweka mbele mwezi huu ni mkubwa kuliko hao wote kwa umri. Anatoka mashariki ya Kongo, kwa Wanyanga, watu wa misitu ya Walikale. Jina lake ni Mwindo.

Mwaka 1956 Candi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, alimsimulia Mwindo kwa muda wa siku 12. Aliimba, akacheza, akaigiza, akasimulia, huku wenzake wakimwitikia na kupiga mdundo. Wasikilizaji wake walikuwepo pia Mbelgiji Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga, na hao wawili wakaandika walichosikia. Kitabu chao kilitoka Marekani mwaka 1969, chenye maneno ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Ukikiona maktabani kimepangwa kwenye sehemu ya anthropolojia, kifungue hata hivyo. Ndani yake mna hadithi ya mtoto mwenye vipaji iliyo bora kuliko nyingi zilizopangwa kwenye sehemu ya watoto.

Kwa kifupi inakwenda hivi. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, ana wake saba. Anatangaza kwamba hataki mtoto wa kiume. Anataka mabinti watakaomletea mahari. Wake sita wanazaa mabinti. Wa saba anachelewa kujifungua, kisha anazaliwa Mwindo, huku tayari anacheka, anasema na anatembea. Mkononi ana usinga wenye nguvu za ajabu, na begani mfuko wenye kamba ndefu. Baba anamrushia mikuki, haimpati. Anamzika, anatoka kaburini. Anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni, naye mtoto anaelea ndani ya ngoma akiimba kwamba anakwenda kwa shangazi yake, Iyangura.

Mpaka hapo unaweza kudhani kwamba mtoto huyu hahitaji mtu. Sasa hesabu pamoja nami. Njia ya kwenda kwa shangazi imetegwa mashimo yenye nyembe. Kalunguyeye anamchimbia njia chini ya ardhi, na buibui anamtandia madaraja juu ya mashimo. Akitaka kurudi kupambana na baba yake, anakwenda kwanza kwa wajomba zake, ambao ni popo na wahunzi, wanamvika mwili wote chuma. Baba anapokimbilia kuzimu, Mwindo anaamua kumfuata. Kabla ya kushuka anampa shangazi Iyangura ncha ya kamba yake na kumwambia: ikiacha kutikisika, ujue nimekufa. Kule chini kuna Kahindo, binti wa Muisa mwenye kuzimu, mgonjwa wa vidonda. Mwindo anamwosha vidonda vyake, naye anamfundisha namna ya kukwepa mitego ya Muisa, baba yake mwenyewe.

Sehemu ya kamba ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Iyangura hamkatazi mtoto kwenda, wala hamfuati ili afanye kazi kwa niaba yake. Anakaa juu, kamba mkononi, anasikiliza mtikisiko. Bila Mwindo hakuna safari, lakini bila mtu wa kushika ncha ya pili, akipotea hakuna atakayejua. Utendi wenyewe unalipima jambo hili. Mwindo anamrudisha baba yake, anamsamehe, wanagawana utawala. Kisha anaanza kujisifu. Anamuua Kirimu, zimwi la msituni, bila kujua kwamba alikuwa rafiki wa Nkuba, yaani radi. Nkuba anamchukua mbinguni, na huko Mwindo anapitia baridi na mvua na jua kali mwaka mzima, kipaji chake hakimsaidii kitu. Anarudi duniani akiwa mtawala mwenye kujua mipaka yake.

Wenzetu wasiokaa Brussels labda hawajui kwamba jina la manispaa yetu limeandikwa mara mbili kwenye vibao: Forest kwa Kifaransa, Vorst kwa Kiholanzi. Majina yote mawili asili yake ni msitu. Lakini katika Kiholanzi cha leo neno vorst lina maana nyingine mbili: baridi ya barafu, na mtawala. Msitu, baridi, mtawala: mtu anaweza kumsimulia Mwindo mzima kwa kusimama chini ya kibao kimoja karibu na bustani ya Duden.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi tuliokulia hapa. Watoto wengi wa manispaa hii wana kipaji ambacho hakuna tangazo la gazeti linalokitafuta. Wanatafsiri. Mtoto wa miaka minane anasoma barua ya mwenye nyumba, anamweleza baba yake dhamana ya pango ni nini, anajibu simu ya mutuelle kwa sauti ya mtu mzima. Nyumbani anasema Kiswahili, na Kilingala akienda kwa binamu zake. Shuleni Kifaransa, na Kiholanzi saa chache kwa wiki. Ripoti yangu ya shule ilikuwa na nafasi ya lugha mbili tu kati ya hizo nne. Zile mbili nyingine zilifanya kazi kila siku bila kupewa alama.

Nilipokuwa na miaka 11 nilimsindikiza mama hospitali. Daktari alisema maneno mawili ya Kifaransa, moja likifuata jingine. La kwanza nililijua: uvimbe. La pili lilikuwa halijanipitia masikioni hata siku moja, na ndilo lililobeba habari njema, kwamba uvimbe wenyewe hauna madhara. Nilimwambia mama neno la kwanza, kisha nikanyamaza. Uso wake ulibadilika. Alitoa simu, akampigia tantine wa ghorofa ya tatu, ambaye alikuwa muuguzi Bukavu kabla ya kuja huku, akamwekea daktari simu mbele. Tantine alisikiliza, akauliza maswali mawili, kisha akaeleza yote kwa Kiswahili, polepole, mpaka mama akacheka. Kwenye tramu kurudi nyumbani mama alinishika mkono kama nilivyokuwa mdogo zaidi.

Tantine alikuwa ameshika ncha ya kamba. Hakuwahi kusema nisitafsiri tena. Siku zilizofuata alinifundisha maneno ya mwili na ya magonjwa kwa lugha zote mbili, na akamwambia mama kwamba habari za hospitali aombe mkalimani mtu mzima, kwa sababu wapo wanaoifanya kazi hiyo, na mtoto hatakiwi kuwa wa kwanza kujua ugonjwa wa mzazi wake. Maneno ya soko na ya barua aliniachia.

Wapo watakaonijibu kwamba watoto wanajengwa na mzigo, kwamba wengi wetu tumekuwa hodari wa lugha kwa sababu hiyohiyo. Ni kweli kwamba tumejifunza. Lakini tusichanganye mtoto aliyepewa kazi na mtoto aliyeachwa nayo. Reynie na wenzake wanatumwa mahali pa hatari, na kuna mtu mzima anayengoja ujumbe wao usiku na kuujibu. Benoît Brisefer akibaki peke yake na mafua yake, ni mtoto wa kawaida mbele ya majambazi. Tunapomsifu mdogo wetu, "huyu ana akili, anatafsiri kama mwanasheria," tumwulize pia nani yuko upande wa pili wa kamba.

Kwa wanaotaka mfano wa Kiswahili chenyewe, kuna Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambayo vijana wengi wa Kenya waliisoma shuleni. Shujaa wake ni kijana wa Tanga anayesafiri mpaka Kenya kumtafuta baba yake. Hana nguvu za mwili wala usinga. Kipaji chake ni ufasaha, na ndio uliompa jina la Kongowea Mswahili. Kama Mwindo, naye anamfuata baba ambaye hakumlea. Ukizisoma kazi hizi mbili kwa kufuatana, utaona jinsi lugha inavyoweza kuwa chombo cha safari, kitu unachobeba begani.

Basi rafu ya mwezi huu inakuja na ombi. Jumamosi ya pili ya kila mwezi klabu yetu huwasomea hadithi watoto wa Forest wanaosema Kiswahili nyumbani. Napendekeza tuwasimulie Mwindo, tukio moja kila Jumamosi, na kila tukio liandikwe upya na mwanaklabu mmoja kwa Kiswahili chake. Anayejua kuchora achukue ngoma mtoni. Wenye kupenda nyimbo wachukue safari ya kwenda kwa shangazi, maana Mwindo huimba kila anapotaka kuanza jambo, na watoto lazima wapate kiitikio. Wenzetu wa mwaka wa kwanza wanaoogopa ngeli wachukue wajomba popo. Ni wengi, watazizoea ngeli humo. Wale wenye Kiswahili cha Goma na cha Bukavu wasikisafishe mpaka kipoteze ladha. Walimu wetu tunawaomba wasome rasimu kabla ya Jumamosi na watutie alama za kalamu nyekundu bila huruma.

Tukio la kamba bado halina mtu. Ningependa lisomwe na watu wawili, mmoja amesimama mlangoni na mwingine amekaa katikati ya watoto, na kamba ya kweli kati yao. Kamba ninayo. Anayetaka kuwa Iyangura aniambie kabla ya mkutano wa Alhamisi.