Kasugho: Koleo lisiwe dawa pekee ya jino

MAONI. Kasugho, wilaya ya Lubero – Jino likimwamsha mtu usiku katika vijiji vya Lubero, kabla jogoo hajawika amekwisha kuhesabu njia zote alizo nazo, maana si nyingi. Kuna maji ya chumvi. Kuna karafuu, kama duka linayo. Kuna tembe za kupoza maumivu, zinazouzwa moja moja. Na mwishoni kuna koleo: kiti cha mbao, sindano ya ganzi ikiwa haijaisha, na jino linatoka. Anayetaka jino lake lizibwe badala ya kung'olewa mara nyingi anaambiwa aende Butembo.

Butembo kwa mkaaji wa Kasugho maana yake ni pikipiki, matope siku za mvua, vizuizi barabarani, pesa ya kula na pa kulala. Mkulima wa maharagwe akipiga hesabu hiyo, jino linashindwa. Kwa mama aliyekimbia kusini mwa Lubero tangu Juni 2024, pale M23 walipoingia Kanyabayonga na Kirumba, hakuna hata hesabu ya kupiga. Alitoka na watoto na sufuria. Mtoto wake akishika shavu na kulia, yeye anasubiri uvimbe upungue, au anaomba mtu amng'olee.

Ndiyo sababu inauma kidogo kuona jinsi meno yanavyozungumzwa siku hizi kwenye simu za vijana. Huko meno ni tabasamu la picha: yawe meupe kama karatasi, yawe yamenyooka kama mahindi kwenye gunzi. Hakuna ubaya kutaka hivyo. Kijana anayetafuta kazi au mchumba hujifunika mdomo kwa mkono akicheka kwa sababu ya jino jeusi la mbele, na hiyo ni aibu ya kweli, si majivuno. Lakini dawa zinazouzwa kwa tamaa hiyo, na zile za kujitungia nyumbani, ndizo zinazoharibu.

Mkaa uliosagwa, majivu, chumvi ya mawe na ndimu: vyote vinang'arisha jino kwa siku chache kwa sababu vinalikwaruza au kulichubua. Ganda la juu la jino, lile gumu linalong'aa, halioti tena likishaisha. Chini yake kuna sehemu ya rangi ya manjano, kwa hiyo anayesugua sana ili awe mweupe ndiye anayeishia na meno ya manjano yanayosisimka akinywa maji baridi. Tena kuna meno ambayo hayataondoka rangi kwa kusuguliwa hata kidogo. Watu waliokulia chini ya milima ya moto, upande wa Nyiragongo na Nyamulagira, wengine wana meno yenye mabaka ya kahawia kwa sababu ya maji yenye madini mengi ya floridi waliyokunywa wakiwa wadogo. Arusha, Tanzania, ni vivyo hivyo. Rangi hiyo iliingia jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya ufizi. Wako wahami wa kutoka huko ambao watoto wa shule wanawacheka kwamba hawapigi mswaki. Walimu wangefanya vizuri kuwaeleza wanafunzi.

Kuhusu meno kunyooka, vyuma vya kuyapanga ni kazi ya miezi mingi au miaka, na daktari bingwa wa kuvikaza mara kwa mara. Kwa Kasugho hilo liachwe kando. Ila kuna jambo moja ambalo familia yoyote inaweza kulifanya bila franga nyingi, nalo halisemwi vya kutosha: kutunza meno ya utoto. Wazazi wengi husema jino la mtoto litaanguka tu, ya nini kuhangaika? Jino lile la nyuma la utoto hukaa hadi mtoto afikishe miaka 10 au 12, na kazi yake moja ni kumshikia nafasi mwenzake wa ukubwani anayekuja chini yake. Likioza na kung'olewa kwenye miaka 5, majirani wanasogea, nafasi inaziba, na lile la ukubwani linatokea kando, limepinda. Sehemu ya meno yaliyosongamana yanayoonekana kwa vijana ilianzia hapo.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo. Karibu na miaka 6 gego kubwa huota nyuma kabisa, bila jino lolote kuanguka kwanza. Mama anadhani ni la utoto. Linaoza, linang'olewa, na hakuna lingine litakalokuja.

Jinsi jino linavyooza si siri. Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari vinayoachiwa na kutoa asidi, nayo asidi inalainisha ganda. Mate huja kurekebisha, lakini yanahitaji muda. Kwa hiyo chai ya sukari ikinywewa mara moja na chakula ina madhara madogo kuliko muwa na bonboni vinavyotafunwa kutwa nzima, au biskwiti anazotuliziwa mtoto wa wakimbizi kwa sababu hakuna kingine cha kumpa. Hakuna wa kumlaumu mama huyo. Lakini akijua kwamba kilicho kibaya zaidi ni mara ngapi sukari inaingia mdomoni, anaweza kumpa vyote kwa pamoja na chakula, kisha maji.

Sasa, hoja yenyewe. Watu wanaambiwa kwamba kuziba jino kunahitaji mashine, umeme, kompresa na daktari wa meno, hivyo vijiji visubiri. Hiyo si kweli tangu zamani. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania, wataalamu wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikutana na shida ileile ya Kasugho: vijiji bila umeme, na wagonjwa wanaong'olewa meno ambayo yangeweza kupona. Wakaanza kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu, kama vijiko vidogo vyenye makali, na kuziba tundu kwa saruji ya meno inayochanganywa papo hapo, unga na maji yake, juu ya kipande cha karatasi. Saruji hiyo inajishika na jino yenyewe na kutoa floridi polepole. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, kwa kuwa kinachokwanguliwa ni sehemu iliyokwisha kufa. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ilipokuwa juu ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu. Ilizaliwa Afrika Mashariki, na hadi leo mkaaji wa kijiji cha Kongo anaambiwa apande pikipiki.

Njia hiyo ina mipaka yake. Tundu kubwa lililokula pande mbili za jino halishikiki vizuri kama dogo. Jino ambalo uozo umefika kwenye mshipa, linalopiga usiku kucha lenyewe, halizibwi hivyo. Hilo ni la kung'oa au la kutibiwa mizizi mjini. Maana yake ni kwamba kazi hii ni ya mapema, kabla ya maumivu makali, na mapema ndipo watu hawaendi kituoni. Muuguzi aliyefunzwa atalazimika kuwafuata shuleni na mahali wahami walipo.

Kuna na dawa nyingine, rahisi zaidi: maji yenye fedha na floridi, yanayopakwa tone moja juu ya jino lililooza. Husimamisha uozo katika meno mengi, bila kukwangua wala kuchoma sindano. Ubaya wake ni mmoja: mahali pale panakuwa peusi kabisa, na hapatarudi kuwa peupe. Mzazi aambiwe hivyo kabla, si baada. Mtoto mwenye gego jeusi lisilouma anakula fufu na sombe kama wenzake na kulala usiku. Wazazi wengi wakielezwa vizuri watachagua hilo, hasa kwa meno ya nyuma.

Dawa hizo mbili, pamoja na dawa ya mswaki yenye floridi, Shirika la Afya Duniani liliziingiza mwaka 2021 katika orodha yake ya dawa za lazima, orodha ileile yenye paracetamol na dawa za malaria. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, mkutano wa nchi wanachama ulipitisha azimio juu ya afya ya kinywa, ukitaka nchi ziache desturi ya kusubiri ugonjwa na zianze kuuzuia. Kongo ni mwanachama.

Wako watakaosema: watu wanachinjwa, vijiji vinachomwa, na mtu analeta habari za meno? Ni neno zito, halijibiwi kwa wepesi. Lakini usaha wa jino ukishuka chini ya taya na shingoni unaweza kufunga koo na kuua, hata mtu kijana. Mtu ambaye uso wake umevimba, ana homa, hafungui kinywa au hamezi vizuri, anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo. Tembe za amoksilini za dukani zinapunguza uvimbe, zinaacha uozo palepale. Aspirini inayobandikwa kwenye ufizi inauchoma tu, na maji ya betri yanachoma zaidi.

Tena kuna noma. Unaanza kama kidonda kwenye ufizi unaotoka damu na kunuka, kwa mtoto mdogo aliyekonda, mara nyingi baada ya surua, na ndani ya siku chache unaweza kula shavu lake. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kati ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa tarehe 15 Desemba 2023. Ukionekana mwanzoni, unatibika kwa antibiotiki za kawaida, kusafisha kinywa na chakula chenye nguvu. Njaa, surua, kinywa kisichosafishwa: familia zilizokimbia ndizo zinazobeba vyote vitatu kwa pamoja. Anayewapima watoto mikono kuona kama wamekonda angeweza pia kuinua mdomo na kutazama ufizi. Ni nusu dakika.

Mashirika yanayogawa msaada huleta maturubai, madumu, sabuni, sufuria. Mswaki kwa kila mtu na bomba la dawa yenye floridi havijazi hata kona ya mfuko ule. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 inatosha dawa kama punje ya mchele, kwa mkubwa kidogo kama punje ya njegere, asubuhi na usiku, kisha kutema bila kusukutua kwa maji mengi. Bomba moja linaweza kutumiwa na nyumba nzima, ila kila mmoja na mswaki wake.

Na pale ambapo koleo litaendelea kutumika, na litaendelea, watu wana haki ya kuuliza limesafishwaje. Baada ya Ebola ya 2018 hadi 2020, hakuna mkaaji wa Beni, Butembo au Lubero asiyejua glavu ni za nini. Kumwagia koleo maji moto hakutoshi kuua virusi vya maini. Linahitaji chungu cha mvuke wenye shinikizo, ambacho kipo cha kutumia hata kwenye moto wa makaa. Mgonjwa akiuliza swali hilo asionekane mkorofi.

Kinachoombwa kwa zoni ya afya na wafadhili wake si kliniki ya vioo. Ni muuguzi mmoja au wawili wapelekwe Butembo kufunzwa na madaktari wa meno waliopo, warudi na vyombo vya mkono, na ile pikipiki inayoleta chanjo ibebe pia kopo la unga na chupa ya maji yake. Shule zianze na watoto wa miaka 6, wale ambao gego la nyuma ndiyo kwanza linatokeza.