Mnunuzi wa tokonveta ana haki ya kuelewa anachouziwa

Majuma machache yaliyopita nilikwenda Konoin, katika Kaunti ya Bomet, kumjulia hali shemeji yangu. Nilimkuta kando ya njia ya udongo chini ya shamba lake la chai, ameketi juu ya jiwe, pikapu yake imekwama katikati ya mwinuko na kutoa harufu kali ya mafuta yaliyoungua. Nyuma ya gari mlikuwa na majani mabichi ya asubuhi nzima, yake na ya majirani wawili. Kila mkulima wa chai anajua kwamba majani yaliyorundikwa hupata joto na kugeuka mekundu, na yakishageuka hayana mnunuzi. Siku ile magunia yote yalikataliwa kituoni.

Gari lilikuwa limetoka gereji siku tisa tu kabla ya hapo. Lilikuwa limetiwa tokonveta mpya, ghali, na kwa maneno ya aliyeiuza, “yenye stoli kubwa.” Ni kuhusu maneno hayo matatu ninapotaka kuzungumza nawe leo, ndugu msomaji, kwa sababu ndiyo yaliyomponza shemeji yangu.

Kwanza nieleze gari lenyewe. Ni pikapu ya petroli yenye gia za otomatiki, na mwenyewe wa kwanza, mkazi wa Nairobi, aliifunga supachaja. Wapo watakaocheka na kuuliza supachaja na chai vina uhusiano gani. Uhusiano upo. Sehemu kubwa ya nchi ya chai ya Kericho na Bomet iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini inayovuta pumzi yenyewe hupoteza takriban sehemu moja kwa tano ya nguvu ambazo ingekuwa nazo Mombasa. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Kazi yake ni kuisukumia injini hewa ambayo mlima umeinyima. Marubani waliihitaji zamani kwa sababu iyo hiyo. Basi si anasa kwa mtu anayepanda vilima na mzigo, ingawa nakiri kwamba mimi binafsi ningemshauri shemeji anunue gari la dizeli lenye klachi na gia za mkono, ayaepuke haya yote. Hakuniuliza.

Tatizo ni kwamba nguvu zikiongezwa mbele, kilicho nyuma yake huteseka. Katika gari la otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Mahali pake pana tokonveta, dude la chuma la duara mfano wa andazi kubwa, lililochomelewa pande zote na kujazwa mafuta. Ndani mna magurudumu matatu yenye mapezi. La kwanza huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta. La pili hupigwa na mafuta hayo na kuizungusha giaboksi. La tatu, lililo katikati, huyageuza mafuta yanaporudi ili yalisaidie la kwanza badala ya kulipinga. Hilo la tatu ndilo lenye siri. Gari linapoanza kuondoka, kwa ajili yake nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye giaboksi inaweza kukaribia maradufu ya ile iliyotoka kwenye injini. Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyepata hataza ya mtambo wa namna hii mwaka 1905, naye aliukusudia meli, wala si magari.

Sasa stoli. Ukiyazuia magurudumu ya gari yasizunguke kabisa, kisha ukakanyaga mafuta hadi mwisho, injini itapanda kasi mpaka ifike mahali isipoweza kwenda zaidi, kwa kuwa mafuta ndani ya tokonveta yanaishika. Kasi hiyo ndiyo inayoitwa stoli. (Usilijaribu jambo hili nyumbani, sekunde chache tu zatosha kuyachemsha mafuta, na breki zikiachia utaingia jikoni kwa watu.) Tokonveta za kawaida za magari ya mizigo hushika injini kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Za mashindano huiachia ipande hadi 3,500 na zaidi, ili dereva aondoke mstarini injini ikiwa tayari imefika penye nguvu zake.

Nilipomuuliza shemeji alielewa nini alipoambiwa stoli ni kubwa, alinijibu bila kusita: “Mwalimu, gari likistoli si limezima? Nikajua hii yenye stoli kubwa haizimi upesi mlimani.”

Sikucheka. Mtu yeyote aliyejifunza kuendesha gari katika nchi hii angefikiri hivyo hivyo. Kwa dereva, gari kustoli ni injini kufa. Kwa muuza tokonveta, stoli ni hali ambayo injini ingali hai, tena inanguruma kwa ukali wake wote, na kilichosimama ni gurudumu la pili ndani ya mafuta. Neno moja, maana mbili zinazopingana, na kati ya maana hizo mbili zikapotea fedha za bonasi ya mkulima.

Alichohitaji shemeji kilikuwa kinyume kabisa cha alichouziwa. Supachaja, kwa kuwa inavutwa na mkanda, huipa injini nguvu tangu mizunguko ya chini. Haingoji moshi ukusanye kasi kama baadhi ya turbo. Kwa hiyo injini yake haikuhitaji kuachiwa ipande sana kabla ya kushikwa. Juu ya hayo, anapanda polepole, kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua, akiwa na mzigo. Tokonveta ya stoli ya juu katika mwendo kama huo huteleza mfululizo. Injini inalia, gari linatambaa, na nguvu zinazopotea zinageuka joto linaloyaunguza mafuta ya giaboksi. Kuna klachi ndogo ndani ya tokonveta inayoweza kuyafunga magurudumu yaende pamoja na kuukomesha utelezi huo, lakini kwa kawaida haishiki gari likiwa kwenye gia ya kwanza na mwendo mdogo, yaani pale hasa mlima ulipo. Na wakati wa kuteremka, tokonveta iliyolegea huifanya injini isaidie kidogo tu kulizuia gari, breki zikaachiwa kazi iliyo kubwa zaidi.

Kilichomfaa ni tokonveta yenye stoli isiyopita sana ile ya kiwandani, ila iliyoundwa kwa uimara zaidi: mapezi yaliyolehemiwa yasing’oke, klachi ya ndani yenye uwezo wa kuhimili nguvu zilizoongezwa, na rejeta ya pekee ya kupoza mafuta ya giaboksi. Kingekuwa na bei karibu sawa.

Tena kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalitilii maanani. Namba ya stoli iliyoandikwa kwenye katalogi si sifa ya tokonveta peke yake. Tokonveta ile ile ikifungwa nyuma ya injini yenye nguvu zaidi, stoli yake hupanda. Ni sawa na neno, ambalo hulijui maana yake kamili mpaka uone limetiwa katika sentensi gani. Basi muuzaji asiyeuliza habari za supachaja, uzito wa mzigo na mwinuko wa njia hawezi kujua anauza stoli gani.

Nimeifundisha isimu kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu nimeyasikiliza maneno ya gereji kwa furaha. Gia, klachi, breki, plagi: yote yaliingia Kiswahili bila kamati yoyote, yakakaa katika ngeli zao, na hakuna Mkipsigis wala Mluo anayebabaika nayo. Nadhani sababu ni kwamba vitu hivyo vinashikika. Klachi unaihisi kwa mguu. Ikianza kuteleza unaijua kabla fundi hajakwambia. Lakini tokonveta imefungwa. Hakuna anayeiona ndani, kwa hiyo hakuna aliyeipatia lugha, na mahali ambapo mkono haufiki maneno ndiyo mwongozo pekee. Wanaosema fundi hahitaji istilahi, mradi ana mikono, wanazungumzia magari ya baba zetu.

Mimi napendekeza tuiite stoli kasi ya mkwamo, maana ndiyo kasi ambayo injini inakwamia. Mwenye neno bora alilete, siligombei.

Lakini neno peke yake halitoshi. Katiba ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu cha 46 imempa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Karatasi aliyopewa shemeji ndani ya boksi ilikuwa ya Kiingereza cha wahandisi, kurasa nne. Hayo si maelezo kwa mkulima wa Konoin. Mimi mwenyewe, pamoja na digrii zangu, niliisoma mara tatu. Sioni ugumu wowote wa duka la vipuri kuandika nusu ukurasa wa Kiswahili: injini ya aina gani, mzigo wa kiasi gani, kasi ya mkwamo ni ngapi, je, yahitaji rejeta ya ziada.

Juzi tulirudi mjini pamoja, mimi na shemeji, kwenye duka jingine. Akaweka kofia yake juu ya meza na kuuliza kwa upole: kwa injini yangu hii yenye supachaja, na tani moja ya majani mgongoni, kasi ya mkwamo ya hii tokonveta itakuwa ngapi? Kijana wa dukani aliitazama boksi, akatutazama sisi, kisha akaingia chumba cha nyuma kumpigia mtu simu. Tulingoja karibu saa nzima.