Mshukiwa Afike Kituoni Akiwa Hai

Ndugu zangu wa Kyela, vijana wetu wanaoitazama tamthilia ya Ripper Street, iliyoanza kuonyeshwa na BBC mwishoni mwa 2012, husifu zaidi ngumi za Sajini Drake. Mtuhumiwa akikawia kusema, Drake hukunja mikono ya shati, na ukweli hutoka pamoja na meno. Laiti upelelezi ungekuwa mwepesi hivyo!

Kisa kimewekwa Whitechapel, London, mwaka 1889, baada ya wanawake watano kuuawa mwaka uliotangulia. Inspekta Edmund Reid, mkuu wa Drake katika tamthilia hiyo, aliishi kweli. Muuaji hajajulikana hadi leo. Lakini mimi namkumbuka zaidi John Pizer, fundi viatu Myahudi, ambaye mtaa ulikwisha kumhukumu kwa uvumi tu. Polisi walimkamata Septemba 1888, wakamwuliza alikuwa wapi. Ikabainika kwamba usiku wa mauaji mojawapo alikuwa mbali, akitazama mwanga wa moto uliokuwa ukiunguza bandari, tena akizungumza na askari polisi. Akaachiwa. Umati ungewatangulia polisi kumpata, nani angemwuliza alikokuwa?

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya mto Songwe, bunduki ndiyo iliyoamua. Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, aliwaua Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa, mwaka 1887. Wazungu wa kampuni ya biashara wakapigana naye, na Lugard, afisa Mwingereza, akajeruhiwa katika vita hivyo mwaka 1888. Desemba 1895 Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza, alilivunja boma la Mlozi, akamfikisha mwenyewe mbele ya machifu wa Kingonde, naye akanyongwa siku hizohizo. Simlilii Mlozi. Waliomhukumu walikuwa mahasimu wake, na haki ya haraka namna ile haipendezi. Hata hivyo, aliketishiwa baraza. Je, kijana wa Ipinda anayedhaniwa kuiba gunia la kakao anyimwe hata hilo?

Msiniambie kwamba polisi wako mbali, au kwamba mwizi huachiwa kesho yake. Akiachiwa bila sababu, mdaini maelezo aliyemwachia. Lakini mkimwua, marehemu hatawajibu lolote, na aliyempiga ndiye atakayeshtakiwa kwa mauaji. Basi, vijana, usiku mkimshika mtu shambani mzuieni asikimbie, mwiteni mwenyekiti wa kitongoji, na gunia liwekwe kama ushahidi. Kisha mfikisheni kituoni akiwa hai, aulizwe alikuwa wapi.